Taya lililogundishwa vibaya: chonge mbili na jinsia iliyogeuka

Kisa hiki nakitumia kufundishia. Vipimo vyake vimepangwa ili hesabu ionekane vizuri, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo haiwezi kutokea kwenye maabara yoyote inayopokea mifupa isiyojulikana ni ya nani.

Kilicholetwa mezani kilikuwa taya la chini, basi. Hapakuwa na fuvu, nyonga wala mfupa mrefu. Taya lenyewe lilikuwa limepasuka vipande viwili, ufa ukipita katikati ya kidevu, baina ya yale meno mawili ya mbele kabisa. Meno 12 yalikuwa bado kwenye matundu yake, chonge zote mbili zikiwemo: 33 upande wa kushoto na 43 upande wa kulia kwa namba za FDI, mfumo wa kimataifa wa kuyataja meno kwa tarakimu mbili. Gego la kwanza la kulia lilikuwa limezibwa. Eksirei ilionyesha mizizi ya magego ya pili imekaribia kufunga ncha zake, na magego ya mwisho yakiwa bado mfupani, mataji yamekamilika, mizizi ndiyo kwanza inaanza. Kwa ukuaji huo, mwenye taya alikuwa na miaka 14 hadi 16 hivi.

Polisi walikuwa na orodha ya vijana watano wa umri huo waliopotea: wasichana watatu na wavulana wawili. Swali lao lilikuwa fupi. Hili ni taya la msichana au la mvulana?

Umri huo ndio unaomtia mchunguzi taabani. Kwa mtu mzima nyonga ndiyo inayosema zaidi, fuvu likifuata, lakini kwa kijana aliyebalehe juzijuzi mifupa bado haijamaliza kujitenga kike na kiume. Hata nyonga ingepatikana, isingetoa jibu la kutegemewa. Kidevu chembamba cha mvulana wa miaka 14 kinaweza kuwa kipana akifika 20. Meno yana mwendo wake tofauti. Taji la chonge ya kudumu hukamilika mtoto akiwa na miaka 6 au 7, ingawa jino lenyewe huchomoza baadaye sana. Likishaumbwa halikui tena. Kinachoweza kulibadilisha ni kusagika, kuoza, kuvunjika au mkono wa daktari wa meno. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 ana chonge ya ukubwa uleule atakaokuwa nao akiwa na 40, na kwa kuwa hajalitumia miaka mingi, kwa kawaida halijasagika. Kwa mpimaji, hilo ni jambo zuri.

Na kwa nini chonge badala ya jino jingine? Kwa sababu katika kinywa cha binadamu ndilo jino ambalo wanaume na wanawake hutofautiana zaidi kwa ukubwa. Watafiti Garn na Lewis walilionyesha hilo miaka ya 1960, na tafiti nyingi zimelirudia tangu hapo. Chanzo chake kiko kwenye kromosomu. Kazi za Lassi Alvesalo wa Ufini juu ya watu wenye idadi isiyo ya kawaida ya kromosomu za jinsia zilisaidia sana hapa: wanaume wenye Y ya ziada wana meno makubwa kuliko wanaume wengine, na wanawake wenye X moja tu wana meno madogo yenye enameli (ganda gumu la nje la jino) nyembamba. Y inasukuma ukuaji wa enameli na wa dentini pia, yaani sehemu iliyo chini ya enameli, ilhali mchango wa X huonekana hasa kwenye enameli. Ndiyo maana chonge ya mwanamume kwa wastani ina dentini nyingi zaidi ndani yake.

Kwa wastani. Kisa chote hiki kinazunguka maneno hayo mawili.

Ripoti ya kwanza

Mchunguzi wa kwanza aliunganisha vipande viwili vya taya kwa gundi, akasubiri ikauke, akachukua kalipa ya dijitali, kifaa chenye miguu miwili cha kupimia umbali mdogo. Upana wa 33, kutoka upande unaogusana na jino la mbele hadi upande unaogusana na jino la nyuma, aliupata milimita 7.24. Wa 43 ulikuwa milimita 7.18. Umbali kutoka ncha ya chonge moja hadi ncha ya nyingine, milimita 27.3.

Hakuutumia upana peke yake. Alitumia fahirisi ya chonge za chini, iliyopendekezwa mwaka 1989 na Rao na wenzake baada ya kupima vijana wa kusini mwa India. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya upana wa chonge kwa umbali baina ya chonge mbili. Kizingiti walichokitoa ni 0.274. Ukivuka juu yake ni mwanamume, ukibaki chini ni mwanamke, na waliripoti kwamba njia hiyo ilipatia zaidi ya mara 8 katika kila 10. Haihitaji mashine, haihitaji kuharibu sampuli, na kikokotoo cha simu kinatosha. Ni rahisi kuelewa kwa nini ilienea.

Mchunguzi alipata 0.265 kushoto na 0.263 kulia. Akaandika: «Jinsia: mwanamke.» Hakuweka kiwango cha uhakika, hakusema jedwali lilitoka kwa watu gani, hakutaja gundi. Karani akaingiza neno hilo kwenye mfumo, mfumo ukachuja, na orodha ya watano ikabaki na wasichana watatu. Mafaili ya wavulana wawili yakarudi kabatini. Moja kati ya hayo lilikuwa na picha ya eksirei ya meno.

Sehemu iliyopaswa kumsimamisha mtu ni hii: upana. Chonge ya chini yenye zaidi ya milimita 7 ni jino kubwa. Wanawake wenye chonge kama hizo wapo, lakini jino kubwa namna hiyo linapotoa jibu la «mwanamke» kupitia fahirisi, maana yake umbali uliowekwa chini ya mstari wa kugawanya umekuwa mkubwa mno. Kabla ya kuamini fahirisi, mtu anatakiwa ajiulize umbali huo umetoka wapi.

Milimita 1.3

Mchunguzi wa pili aliliweka taya chini ya taa na kuliangalia kwa lenzi kutoka upande wa ulimi. Sehemu ya chini ya kidevu ilikuwa imekaa vizuri, mfupa kwa mfupa. Juu, karibu na meno, ufa ulikuwa wazi kidogo na gundi imejaa ndani yake kama uzi wa kioo. Yale meno mawili ya katikati, 31 na 41, yalikuwa na nafasi baina yao. Nafasi kati ya meno hayo si ajabu, wengi wanayo maisha yao yote. Lakini kila moja, kwenye ubavu unaomtazama mwenzake, lilikuwa na bapa dogo lililong'aa, la umbo la yai, upana wake haufiki milimita mbili.

Mabapa hayo hutokea mahali meno mawili yanapogusana. Tunapotafuna, kila jino hucheza kidogo sana kwenye tundu lake na kumsugua jirani, na enameli hulainika pale pale. Meno yasiyogusana hayana bapa la kusuguana. Kwa hiyo meno haya mawili yaligusana mwenye taya akiwa hai, na nafasi iliyokuwa ikionekana sasa, milimita 1.3 kwa kalipa, ilitengenezwa mezani.

Gundi iliyotumika ilikuwa ya aina inayoyeyuka kwa asetoni, na hilo lilikuwa jambo jema. Taya lilifunguliwa, kingo zikasafishwa, vipande vikaunganishwa upya juu ya sinia la mchanga, safari hii vikianzia kwenye mabapa ya meno na kushuka hadi kidevuni. Umbali baina ya ncha za chonge ukawa milimita 26.1. Upana wa chonge haukubadilika, na usingeweza kubadilika. Fahirisi mpya: 0.277 kushoto, 0.275 kulia.

Yaani kwa kizingiti kilekile, mwanamke amegeuka mwanamume kwa sababu ya tone la gundi.

Ningependa msomaji asiridhike hapa, maana wengi huridhika. Hitilafu imeonekana, imerekebishwa, jibu limegeuka, faili linafungwa. Lakini angalia upande wa kulia: 0.275 dhidi ya 0.274. Wapimaji wawili wazoefu wakipima jino moja, kutofautiana kwa sehemu ya kumi ya milimita si jambo la ajabu. Ukiishika kalipa mshazari kidogo, au miguu yake ikishindwa kuingia vizuri baina ya meno yaliyobanana, umeshaipata tofauti hiyo. Punguza 0.1 kwenye 7.18, ugawanye tena: 0.271. Mwanamke amerudi. Au acha upana kama ulivyo na uongeze milimita 0.2 kwenye umbali baina ya ncha, ambazo kwa watu wengine ni butu kiasi kwamba huwezi kusema ncha ni ipi hasa: 0.273. Mwanamke tena.

Ripoti ya kwanza ilikosea kwenye gundi, ndiyo, ila hata kwenye taya lililounganishwa barabara chombo kilichotumika kilikuwa dhaifu. Tatizo liko kwenye mgawanyo wenyewe. Wanaume kwa wastani wana chonge pana zaidi, na kwa wastani wana umbali mkubwa zaidi baina ya chonge hizo. Ukigawanya kikubwa kwa kikubwa na kidogo kwa kidogo, unaifuta ile tofauti uliyoitafuta. Chukua chonge ya milimita 7.0 kwenye umbali wa 26.0, kisha chonge ya milimita 6.6 kwenye umbali wa 24.5. Zote mbili zinatoa 0.269. Jino moja ni kubwa, jingine ni dogo, fahirisi haijui.

Mwaka 2011 Acharya na wenzake waliirudia fahirisi hiyo kwa sampuli nyingine ya India na kukuta upatiaji wake haukuwa bora sana kuliko kubahatisha. Vipimo vyenyewe, upana bila kugawanywa, vilifanya vizuri zaidi. Jambo hilo limekuwa wazi kwa muda sasa, na bado nakutana na ripoti zinazotaja 0.274 kana kwamba ni namba ya maumbile, kama joto la maji kuchemka. Kizingiti hicho ni cha sampuli ile. Kilipatikana kwa kuchukua wastani wa wanaume wale ukitoa mkengeuko wastani wao (kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika kuuzunguka wastani), wastani wa wanawake wale ukiongeza mkengeuko wastani wao, kisha kugawanya jumla kwa mbili. Watu wakibadilika, namba inabadilika.

Upana unasema nini basi

Tuache fahirisi na tubaki na milimita 7.24. Tofauti ya wastani baina ya chonge za chini za wanaume na za wanawake katika jamii nyingi ni chini ya nusu milimita, na watu wa jinsia moja wanatofautiana wao kwa wao kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme jedwali tulilonalo lina wastani wa 7.0 kwa wanaume, 6.6 kwa wanawake, na mkengeuko wastani wa 0.4 kwa wote. Ukiweka kizingiti katikati, kwenye 6.8, utapatia karibu watu 69 katika 100 na kukosea 31. Haishangazi kwamba Anderson na Thompson, walipotumia upana wa chonge za chini pamoja na umbali baina yake mwaka 1973, walipatia asilimia 74.3. Mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu hupatia 50. Faida ipo, ila ipime kwa kukumbuka unaanzia wapi.

Njia bora zaidi ya kulisoma jino hili ni kuuliza: chonge ya 7.24 inatarajiwa mara ngapi zaidi kwa mvulana kuliko kwa msichana? Kwa jedwali hilo la mfano jibu ni mara 3. Sasa rudi kwenye orodha. Kabla ya kupima chochote kulikuwa na wavulana wawili kwa wasichana watatu. Zidisha kwa 3, unapata sita kwa tatu, yaani uwezekano wa theluthi mbili kwamba taya ni la mvulana. Theluthi moja inabaki kwa wasichana. Kwa uzito huo unaweza kupanga faili lipi lifunguliwe kwanza. Huwezi kurudisha faili lolote kabatini.

Hapa huja kishawishi kingine. Tunazo chonge mbili, je, tusizidishe tatu kwa tatu tupate tisa? Hapana. Chonge ya kulia na ya kushoto za mtu mmoja zimeumbwa na mwili mmoja, kwa maagizo yaleyale. Ya pili haileti ushahidi mpya, inathibitisha tu kwamba ya kwanza hukuipima vibaya. Hata meno mengine kinywani humo hayako huru kabisa. Anayetaka kuyajumlisha anahitaji hesabu inayozingatia uhusiano wake, na anahitaji jedwali la watu wanaofanana na mwenye mabaki.

Jedwali hilo ndilo gumu kuliko kalipa. Ukubwa wa meno hutofautiana baina ya jamii na jamii, na kiasi cha tofauti baina ya wanaume na wanawake nacho hakilingani kila mahali. Chonge ya mwanamke wa jamii yenye meno makubwa inaweza kuizidi ya mwanamume wa jamii yenye meno madogo, tena bila ajabu yoyote. Taya lisilo na mwenyewe halina cheti cha asili. Mchunguzi anayechagua jedwali amekwisha kudhani kitu kuhusu mwenye mabaki, na dhana hiyo inatakiwa iandikwe kwenye ripoti waziwazi, ili atakayeisoma aweze kuipinga.

Kwa meno yaliyosagika kuna msaada mwingine. Hillson, FitzGerald na Flinn walipendekeza mwaka 2005 kupima jino shingoni, pale enameli inapoishia, kwa kalipa yenye miguu membamba. Shingo haisagiki kwa kutafuna, na hubaki hata taji likimomonyoka. Katika kisa chetu haikuongeza mengi kwa kuwa meno yalikuwa ya kijana, lakini mchunguzi wa pili aliipima na kuiandika. Vizuri.

Enameli ikasema, na bado haikuwa mwisho

Kinachofanya mjadala wa milimita uonekane wa kizamani ni kemia ya enameli yenyewe. Enameli inapojengwa, hutumia protini iitwayo amelojenini, na jeni yake ipo kwenye X na kwenye Y, zikitofautiana kidogo. Kwenye DNA, kipande kinachopimwa kwa kawaida ni kifupi kwa herufi 6 upande wa X kuliko upande wa Y. Mwanamke huonyesha urefu mmoja, mwanamume miwili. Upo mtego: wapo wanaume waliopoteza kipande hicho cha Y, na kipimo huwaonyesha kama wanawake. Mwaka 2017 Stewart na wenzake walionyesha njia isiyohitaji DNA kabisa. Uso wa jino unalainishwa kidogo kwa asidi, vipande vya protini vinavyotoka vinapimwa kwa mashine ya kupimia uzito wa molekuli, na jino linabaki karibu kama lilivyokuwa. Kipande cha toleo la Y kikionekana wazi, ni mwanamume. Kisipoonekana, lazima kwanza uonyeshe kwamba sampuli ilikuwa na protini ya kutosha kiasi kwamba kama kingekuwepo kingeonekana. Kimya cha mashine hakitoshi kumwita mtu mwanamke.

Sampuli ilichukuliwa kwenye 43 baada ya vipimo vyote na picha zote kukamilika, si kabla. Utaratibu huo ni wa lazima, maana asidi ikishapita hakuna atakayeupima uso uleule tena. Kipande cha Y kilionekana.

Wakati jibu hilo linafika, utambuzi ulikuwa umeshafanyika kwa njia nyingine. Mafaili yote matano yaliporudishwa mezani, lile lenye eksirei lilifunguliwa kwanza. Picha ilikuwa ya magego ya kulia, iliyopigwa siku ya kuziba jino. Umbo la kizibo lilikubaliana na la taya, na gego dogo la pili lilikuwa na mzizi uliopinda nyuma karibu na ncha, kwa pembe ileile. Hapakuwa na tofauti isiyoelezeka. INTERPOL, shirika la kimataifa la polisi, inaweka meno, alama za vidole na DNA kwenye daraja la kwanza la utambuzi, na hapo ulinganisho wa meno ndio uliotoa jina. Upana wa chonge haukumtambua mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kupanga foleni, na kwenye ripoti ya kwanza iliifunga foleni badala ya kuipanga.

Ripoti ya mwisho iliandika sehemu ya jinsia hivi: «Upana wa chonge za chini ni wa kiwango kinachoonekana zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake katika jedwali lililotajwa. Uzito wa ushahidi huu ni mdogo na hautoshi kumwondoa mtu yeyote kwenye orodha.» Matokeo ya enameli yaliwekwa aya yake, mbali na hayo. Ripoti ya kwanza haikuchanwa. Ilibaki kwenye faili na tarehe yake, ikiwa na maelezo ya gundi, picha za mabapa mawili na vipimo vya kabla na baada.

Kisha ikaja kazi ambayo hakuna aliyeiomba. Kizingiti cha 0.274 kilikuwa kimetumika kwenye mataya mengine ya kabati hilohilo, na kila moja lilikuwa na orodha iliyochujwa kwa jinsia. Zote zilifunguliwa upya, safu ya jinsia ikarudishwa kuwa «haijabainishwa», na majina yaliyoondolewa yakaanza kulinganishwa moja baada ya jingine.